Watoto Wasitolewe Nje Siku ya Meza ya Bwana

Leo hatuandiki juu ya masomo wala juu ya kutafuta kazi. Tunaandika juu ya kanisa, na tunajua wengine watakasirika. Tunaomba musome mpaka mwisho kwanza, halafu mutukemee kama tumekosea.

Kila mtu anayesali hapa kambini anajua Jumapili ya Meza inavyokwenda katika makanisa yetu mengi. Korali inaimba, sadaka inatolewa, neno linahubiriwa. Halafu wamama mashemasi wanaleta meza yenye kitambaa cheupe. Hapo mtu wa protokoli anasimama karibu na mlango na kusema, "Batoto bote batoke inje." Watoto wanainuka. Wasichana wa miaka tisa, kumi, wanabeba wadogo zao mgongoni na kutoka nao. Mlango unafungwa. Ndani tunaimba juu ya upendo wa Bwana aliyetualika sisi wote. Nje watoto wanachungulia kwenye matundu ya turubai.

Tuseme ukweli: sisi tunaoandika haya ni walimu wa ekodim, na baadhi yetu ni protokoli. Sisi ndio tunaosimama pale mlangoni. Kuna Jumapili tumeshika hata kafimbo. Kwa hiyo hatuwasemi wazee wetu kama watu wa mbali. Tunajisema na sisi wenyewe.

Kilichotufanya tuandike ni mtoto mmoja wa ekodim yetu. Ana miaka kumi na moja. Alivuka mpaka na majirani, pamoja na wadogo zake wawili, na wazazi hawajulikani waliko. Huyo mtoto ndiye anayepanga jerikeni kwenye bomba saa kumi na moja asubuhi. Ndiye anayepika posho na maharage, ndiye anayefua nguo za wadogo zake, ndiye anayekwenda na karatasi ya familia mahali panapohitajika. Jumapili moja ya Meza alitupita mlangoni, akaingia kwenye mstari na watu wakubwa, akafika mbele na kunyoosha mikono. Mzee mmoja wa kanisa akamshika bega na kumwambia, "Wewe ungali mutoto, haujui kujipima." Akamrudisha mpaka nje.

Pale nje alituuliza jambo moja tu: "Yaya, siye tulifanya nini?"

Tulimjibu kwamba siku yake itafika. Lilikuwa jibu la kumnyamazisha. Tangu siku ile hajarudi. Sasa Jumapili utamkuta kwenye kibanda cha video pale senta, na wadogo zake wako naye. Kama ni hasara, basi tumepoteza watatu kwa mara moja, juu ya kipande cha mkate kisichofika hata ukubwa wa kucha.

Sasa tujibu swali lake.

Mufikirie mgao wa chakula. Tunalalamika sana kwamba mgao umepunguzwa, na tuko na haki ya kulalamika. Lakini tangu tufike hapa, hakuna siku hata moja mtu wa mizani alisema, "Huyu mtoto mchanga hajui maana ya posho, tusimhesabu." Mtoto akizaliwa leo, mama yake anahangaika aandikwe kwenye karatasi ya familia, na akiandikwa anahesabiwa kichwa kizima. Zaidi ya nusu ya wakimbizi walioko Uganda ni watoto. Ofisi inayotupimia unga inajua hivyo. Je, nyumba ya Mungu ndiyo inayopaswa kuwa mahali pa pekee kambini ambapo mtoto hahesabiwi?

Tunajua jibu la kwanza la wazee: Meza si posho, Meza ni siri kubwa, inahitaji mtu anayeelewa. Basi twende kwenye Biblia, tuone Meza hii ilitoka wapi.

Usiku ule aliokamatwa, Bwana Yesu alikuwa anakula Pasaka na wanafunzi wake. Na Pasaka ilianzaje? Musome Kutoka sura ya 12. Ilikuwa chakula cha watu wanaokimbia. Walikula usiku, wamevaa viatu, fimbo mkononi, wakiwa tayari kuondoka. Mwana-kondoo alihesabiwa kwa nyumba, kila nyumba na watu wake. Haikuandikwa kwamba watoto watolewe nje mpaka wababa wamalize. Wangewatoa waende wapi, na kifo kinapita barabarani?

Sisi tunauelewa usiku kama ule kuliko wahubiri wengi wa mijini. Tulikimbia usiku. Mama alifunga mtoto mgongoni, akashika mwingine mkono, akaondoka. Hakuna mama aliyesema, "Huyu bado haelewi vita, abaki, atatufuata akifika miaka kumi na tano." Watoto walikimbia na sisi, walilala porini na sisi, walinyeshewa na sisi. Mateso walipewa sawa na wakubwa. Sasa tukifika kwenye chakula cha kukumbuka wokovu, ndipo tunawaambia wao si wenzetu?

Na tuangalie Kutoka 12, mstari wa 26. Mungu anasema utafika wakati watoto wenyewe watauliza ibada hii ina maana gani, na wazazi wawajibu. Mtoto anauliza juu ya nini? Anauliza juu amekaa pale. Ameona mwana-kondoo, ameonja mboga chungu, ameona baba yake anafanya jambo lisilo la kila siku. Chakula kinakuja kwanza, swali linafuata, na maelezo yanakuja mwisho. Sisi tumegeuza: tunataka mtoto aelewe kwanza, halafu tutamwonyesha. Ni kama kumwambia mtoto, "Hatutaongea na wewe Kiswahili mpaka umalize sarufi." Nani kati yetu alijifunza kuongea hivyo?

Tena mukumbuke jangwani. Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 10 kwamba babu zetu wote walikula chakula kilekile cha kiroho na kunywa kinywaji kilekile. Wote. Mana haikuwa na umri. Mtoto aliyezaliwa njiani kati ya Misri na Kanaani alikula mana kabla hajajua Musa ni nani.

Hapa ndipo watatuletea 1 Wakorintho 11, kwamba mtu ajipime kabla ya kula. Ndilo andiko alilotupiwa yule mtoto. Basi tulisome lote, tusikate mstari mmoja na kuufanya fimbo. Kwa nini Paulo aliwakasirikia Wakorintho? Ni mistari ya 20 mpaka 22. Walikuwa wanakusanyika, wenye vyakula wanawahi kula na kulewa, na wasio na kitu wanakaa na njaa wakitazama. Wakubwa walikula, wadogo wakaangalia. Paulo akasema hiyo si Meza ya Bwana tena. Dawa aliyowapa iko mstari wa 33: wakikutanika kula, wangojane.

Sasa jiulizeni. Katika ibada yetu, ni nani anayefanana na wale Wakorintho waliokemewa? Ni mtoto aliyenyoosha mikono, au ni sisi tulioshiba na kufunga mlango huku wengine wakitazama kwenye matundu? Kutoutambua mwili ndiko huko, kumtazama kiungo cha mwili na kumwambia atoke. Andiko tunalotumia kuwafukuza watoto linatupiga sisi.

Na kuhusu kujipima, tusidanganyane. Tunawajua watu wakubwa wanaokwenda Mezani wakiwa hawasalimiani na jirani miezi sita juu ya mpaka wa shamba. Tunawajua wanaokula mkate asubuhi na kuongea maneno ya kabila jioni, yaleyale maneno yaliyotufukuza nyumbani. Hao hawakuulizwa kama wanaelewa. Watoto wa ekodim wanapigana leo, kesho wanacheza pamoja, mtoto wa kabila hili na mtoto wa kabila lile. Kama tunapima, kipimo kiwe kimoja.

Wengine wanasema, "Lakini Yesu alikula na watu wakubwa kumi na wawili tu." Sawa. Kwa hesabu hiyo na wamama wetu watoke nje, maana mitume kumi na wawili walikuwa wanaume. Tena wote walikuwa Wayahudi, kwa hiyo na sisi tutoke. Na mmoja kati ya waliokuwa pale alikuwa Yuda, aliyekuwa ameshapanga mambo yake. Petro naye aliapa hatakana, na kabla ya jogoo alikana. Hao ndio walioelewa?

Muangalie pia Marko sura ya 10. Watu walileta watoto, wanafunzi wakawazuia. Wanafunzi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa protokoli. Walitaka Bwana apumzike, walitaka utaratibu, kama sisi tunavyotaka. Lakini Marko anaandika kwamba Yesu alipoona aliwakasirikia. Si mara nyingi tunasoma kwamba Yesu aliwakasirikia wanafunzi wake. Hapo alikasirika, na sababu ilikuwa watoto kuzuiwa. Sisi tunaosimama mlangoni tunasoma habari hiyo tukitetemeka.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, ubatizo. Wachungaji wetu wanasema, ubatizo kwanza, Meza baadaye. Hatubishani na utaratibu huo. Lakini utaratibu ukitumika kama kufuli, tuangalie nani ameshika ufunguo. Yuko mtoto wa miaka kumi na moja anayesali, anayejua kusimulia msalaba kuliko sisi, anayeomba mwenyewe abatizwe. Anaambiwa asubiri akue. Halafu Jumapili anaambiwa hawezi kula juu hajabatizwa. Tumemfungia milango miwili kwa ufunguo mmoja. Yule mtu wa Kushi katika Matendo 8 alifundishwa njiani, alipoona maji akauliza kuna kizuizi gani asibatizwe, na Filipo hakumuuliza umri wala hakumwambia asubiri kongamano. Na mlinzi wa gereza kule Filipi, katika Matendo 16, alibatizwa usiku uleule pamoja na watu wa nyumbani mwake.

Kwa ndugu zetu wa makanisa yanayobatiza watoto wachanga, swali ni kali zaidi. Mulimbatiza mtoto mukasema amezaliwa katika familia ya Mungu. Ni familia gani inayompokea mtoto leo na kumpa chakula baada ya miaka kumi na mitano?

Wengine watasema tumeleta mambo mapya, mambo ya wazungu wa mitandaoni. Hapana. Hili ni jambo la zamani, na ni la Afrika. Katika karne ya tatu, Sipriani, askofu wa Karthago, kule ambako leo ni Tunisia, aliandika habari ya mtoto mdogo wa kike aliyepewa kikombe na shemasi kanisani. Hakuwa anatetea jambo jipya. Alilitaja kama kitu cha kawaida cha kanisa lake. Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, kule ambako leo ni Algeria, alifundisha kwamba hata watoto wachanga wanauhitaji mwili na damu ya Bwana. Waethiopia na Wakopti wa Misri wanawapa Meza watoto waliobatizwa mpaka leo, hata wanaonyonya. Ndivyo wanavyofanya na Waorthodoksi wa hapahapa Uganda, kanisa lililoanzishwa na Mganda, Reuben Mukasa Spartas, mwaka 1929, na kupokelewa na Patriarki wa Aleksandria mwaka 1946.

Ni kanisa la magharibi, kule Ulaya, ndilo lililoacha polepole kuwapa watoto wadogo. Sababu mojawapo haikuwa hata andiko. Watu waliogopa divai isimwagike, kikombe kikaanza kuondolewa kwa waumini wa kawaida, na watoto wachanga waliokuwa wanapewa divai tu wakabaki bila kitu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukazungumza juu ya wale waliofika umri wa kupambanua. Baadaye Wakatoliki wenyewe waliona umri umepanda mno, na mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi akaushusha, ukawa kama miaka saba. Kwa hiyo tukifunga mlango na kusema tunalinda desturi ya mababa, tuulizane: mababa wa wapi?

Yako na malalamiko madogo. Kwamba watoto wana kelele. Ndiyo, wana kelele. Na spika zetu za Jumapili je? Majirani zetu Waislamu wanatuvumilia na mkesha mzima. Kwamba mkate na juisi havitatosha. Hivi kanisa lililosoma habari ya mikate mitano linasema hivyo? Ile mikate mitano na samaki wawili, Yohana anasema vilikuwa vya kijana mdogo. Mtoto ndiye aliyetoa chakula siku ile, na sisi tunaogopa atatumalizia.

Tena tusifikiri shida ni Meza peke yake. Hata Jumapili za kawaida watoto wanaingia kuimba nyimbo mbili kama mapambo, tunapiga makofi, halafu wanatoka. Hawasomi neno. Hawaombi kwa sauti. Hawaulizwi wana ushuhuda gani, wakati kuna mtoto humu aliyevuka mto usiku na Mungu akamfikisha. Jumapili moja tulimpa msichana mdogo aombee wagonjwa katika ekodim yetu. Aliomba juu ya bibi yake aliyebaki Kongo, kwa jina, juu ya mguu wake unaouma. Sisi walimu tulilia. Kanisa lote lilikosa sala ile, maana ilisaliwa chini ya mti.

Wazee wetu wanapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Kweli kabisa. Lakini sisi samaki tunamwacha nje kwenye jua, halafu akifika miaka kumi na tano tunashangaa hakunjiki. Tunafanya semina, "Kwa nini vijana wanaacha kanisa?" Tunaalika mhubiri kutoka Mbarara. Jibu si gumu hivyo. Tuliwafundisha kutoka. Kila Jumapili ya Meza, miaka mingi, tuliwazoeza kwamba jambo kubwa linapoanza, wao mahali pao ni nje. Wamejifunza vizuri.

Basi tunaomba nini? Tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa heshima.

Kwanza, kuanzia Jumapili ya Meza inayokuja, mtoto asitolewe. Akae na mama yake, na kama hana mama, akae na sisi. Aone, asikie, aulize.

Pili, mtoto anayeomba kufundishwa ubatizo aandikwe darasani, awe na miaka minane au kumi na minane. Apimwe kwa imani yake, asipimwe kwa urefu wake. Na akishabatizwa, ale.

Tatu, wale wadogo kabisa. Sisi tunaamini hata wao wapewe, lakini tunajua wazee wetu hawatafika huko mwaka huu, na hatutaki kuvunja kanisa. Basi angalau wapelekwe mbele pamoja na wazazi, mchungaji awawekee mikono, awabariki mmoja mmoja kwa jina. Yesu alifanya hivyo, na hakuna azimio la kamati linaloweza kumpinga.

Nne, watoto wapewe kazi ndani ya ibada: kusoma, kusali, kupokea sadaka, kumshika mkono bibi asiyeona na kumfikisha Mezani.

Kwa upande wetu, tumekubaliana jambo moja. Sisi walimu na protokoli tulioandika hapa hatutasimama tena mlangoni kuwatoa. Mukitaka watolewe, mutatafuta mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo, na kama watoto watatoka, tutatoka nao. Hatuondoki kanisani. Tutakaa chini ya mti pamoja nao mpaka mtuite wote. Si kwa kugoma, bali kwa sababu Paulo alisema tungojane.

Na wiki hii tunakwenda senta, kwenye kile kibanda cha video. Tutamtafuta yule mtoto na wadogo zake, tutamwomba msamaha kabla ya kumwomba arudi. Alituuliza, "Siye tulifanya nini?" Safari hii tutamjibu vizuri. Tutamwambia, ninyi hamkufanya kitu, ni sisi tuliokosea.

Lakini akikubali kurudi Jumapili, atakuta mlango uko namna gani? Hilo hatuwezi kulijibu peke yetu. Wababa, wamama, wachungaji wetu, tunawangojea.